Kamera za duka na stoo: DVR au NVR? Nalipia wiki hii

Mzigo_Mzito: Wakuu habari za saa hizi. Nataka kufunga kamera 4 kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Fundi mmoja anasema DVR (mashine ya kurekodi) na kamera za analogi, mwingine anasema hizo zimepitwa na wakati, nichukue NVR (mashine ya kurekodi ya mtandao) na kamera za IP, zinazotuma picha kwa waya wa mtandao. Ipi bora?

FundiKoax: Bora kwa lipi mkuu? Hujasema umbali, siku ngapi za rekodi, wala umeme ukikatika unafanyaje.

Kebo_Sita: IP, bila kupepesa macho. Waya mmoja wa mtandao wa Cat6 unabeba picha na umeme (ndiyo PoE) hadi mita 100. Mambo ya plagi za BNC zinazolegea tumeshavuka.

FundiKoax: Cat6 ipi? Sokoni imejaa ile ya aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwangua kwa kisu, ukiona weupe ndani rudisha.

Mzigo_Mzito: Samahani wakuu. 3 dukani, 1 stoo ya nyuma, kama mita 60. Rekodi zikae mwezi.

Nyaya_Tupu: Hiyo ya stoo ndiyo itakusumbua. Kuna godauni lilifungwa analogi kwa mtindo huohuo: mchana picha safi, usiku kamera inazima, inawaka, inazima. Wakabadilisha kamera, wakabadilisha DVR, wapi! Tatizo lilikuwa waya wa umeme. Piga hesabu: shaba ya 0.5 mm² kwa mita 60, kwenda na kurudi 120, ni kama omu 4.2. Mchana kamera inakula ampea 0.25, unapoteza volti 1. Usiku taa za infraredi zinawaka, inafika 0.5, zinapotea 2.1, kamera inabaki na 9.9 kati ya 12 za adapta. Ukiweka waya wa aluminiamu unashuka chini ya 9, na kamera nyingi hapo zinazima. Ikizima mzigo unapungua, volti zinapanda, inawaka tena. Usiku kucha. Pima kwa mita upande wa kamera, sensa ya mwanga ukiwa umeifunika kwa kiganja ili taa ziwake. Kupima kwenye adapta hakukwambii kitu.

Kebo_Sita: Si ndiyo nasema PoE! Inasukuma volti kama 48, ikipotea moja njiani kamera haina habari.

FundiKoax: Au avute waya wa 1.5 mm², upotevu unabaki theluthi. Picha yenyewe kwenye koaksi ya RG59 (waya wa picha wa analogi) mita 60 si kitu.

Bi_Hadidiski: Jamani, mwezi mzima mmeupita hivihivi? Kamera ya 2MP (megapikseli 2) kwa mfinyazo wa video wa H.265, tuseme Mbps 2, inakula GB 21.6 kwa siku. Nne ni 86.4, siku 30 ni karibu TB 2.6. Ukiuziwa seti yenye TB 1 utaishia siku 11. Chukua TB 4, diski ya kamera kama WD Purple au SkyHawk, siyo iliyong'olewa kwenye kompyuta.

Jua_Kali: Mnamtesa mwenzenu. Achukue za WiFi na memori kadi, kazi imekwisha.

Nyaya_Tupu: Mwizi anang'oa kamera, anaondoka na ushahidi wake.

Jua_Kali: Na DVR iliyo mezani kaunta je? Nayo haibebeki?

Bi_Hadidiski: Hapo kaka umesema. Ifungiwe kwenye kabati la chuma lenye matundu ya hewa, mbali na kaunta. Na nywila ya kiwandani ibadilishwe siku hiyohiyo. Programu hasidi ya Mirai mwaka 2016 iliingia kwenye vifaa vya namna hii kwa nywila hizohizo.

Kebo_Sita: Lenzi pia. Kwa 2.8 mm, mtu akiwa mita 5 unaona eneo la mita 13 hivi, uso unakuwa mdogo. Mlangoni weka 6 mm.

Mzigo_Mzito: Stoo haina umeme. Na fundi wa kwanza anasema adapta moja ya ampea 2 inatosha zote 4.

FundiKoax: Nne mara 0.5 ni 2 kamili, hakuna akiba. Weka ya 5. Stoo ivutiwe umeme kutoka dukani kwa waya mnene.

Kebo_Sita: Au PoE, mkuu, PoE.

Jua_Kali: Buibui je? Usiku infraredi inavuta wadudu, utando mbele ya lenzi unajaza picha ukungu mweupe.

Nyaya_Tupu: Taa ya nje tofauti, mita 2 pembeni ya kamera. Mzigo_Mzito, huyo fundi wa pili kakutajia chapa gani?