Naomba ushauri: kujiandaa kuwa mkufunzi na mtahini wa madereva jeshini

Wakuu, heshima kwenu. Najiandaa na kozi ya ukufunzi wa udereva jeshini pamoja na utahini wa leseni, malori ya breki za upepo.

Kipimo cha uvujaji nakimudu: kabari kwenye magurudumu, upepo ujae, zima injini, achia handibreki, kanyaga breki na uishikilie dakika 1. Lori lisilo na tela likipoteza zaidi ya psi 3 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo), halitoki; lenye tela, psi 4. Wanafunzi wengi huhesabu pia ule mshuko wa kwanza wa kukanyaga, basi gari lisilo na tatizo linaonekana bovu.

Ninapokwama ni kiti cha pembeni. Mkufunzi huonya mapema, kabla ya kona. Mtahini hunyamaza hadi hatari itokee. Je, nikilazimika kusema "simama", mnamfelisha dereva papo hapo, au mnaangalia kama mguu wake ulishakuwa kwenye breki?

Na dereva akirudi nyuma, mwongozaji anayemwelekeza kwa miguu akapotea kwenye kioo, na dereva asisimame? Mimi ningefunga mtihani, maana hapo ndipo watu hukanyagwa. Mnapangaje alama za mtihani wa msafara wa usiku kwa taa hafifu?