Sony A7 IV: mpya ya Dubai au iliyotumika ya Nairobi? Niko Lamu

nuru_amu
Asalaam aleikum wanajukwaa. Natafuta kamera ya Sony A7 IV kwa kazi ya harusi, hasa upande wa wanawake, na mchana picha za majahazi. Bajeti ya bodi, yaani kamera bila lenzi, ni shilingi 280,000, lenzi nitaitafuta kando. Njia ninazo tatu. Ya kwanza ni mpya, iletwe na jamaa anayefanya kazi Dubai. Ya pili imetumika, iko dukani Nairobi, wanatoa waranti ya miezi 3. Ya tatu ni ya mtu binafsi Malindi, bodi na lenzi pamoja, bei iko chini kuliko zote, ila ataka nusu ya pesa kabla hajaipakia kwenye basi la Mokowe, gati la kuvukia Lamu. Mwanishauri vipi, na nikague nini?

fundi_lenzi
Waaleikum salaam dada. Ya Malindi achana nayo. Kutaka nusu ya pesa kabla hujaiona kamera ni sababu tosha, lakini hata angekuwa mtu mwaminifu bado kuna chumvi. Kamera iliyokaa pwani miaka miwili mitatu bila sanduku kavu huwa imeshaanza kuliwa ndani wakati nje bado yang'aa. Kama ni lazima ununue iliyotumika, tafuta iliyoishi bara.

Dalili za chumvi hazijifichi ukijua pa kutazama. Ondoa kifuniko cha sehemu ya kupachika flashi, angalia vile vijibati: ukijani au madoa meusi maana yake hewa ya bahari imeshaingia. Fungua mlango wa betri, tazama meno ya shaba ndani. Kagua vichwa vya skrubu chini ya bodi na kuzunguka mdomo wa lenzi. Skrubu yenye kutu, au iliyokwanguliwa na bisibisi, inakwambia kuna mtu alishaifungua, nawe hujui alifuata nini humo.

Kisha sensa, kile kibao cha ndani kinachopokea picha. Weka lenzi yoyote, ISO 100 (wepesi wa kupokea mwanga), f/16 (tundu dogo la lenzi), piga ukuta mweupe au anga huku umevuruga fokasi. Vidoa vya mviringo vyenye kingo laini ni vumbi, husafishwa. Mstari ulionyooka usiohama, au nukta za rangi zilizopangana, hiyo huenda ni leza. Kamera za harusi na disko ndizo zinazoumia hivyo, taa za leza zikipiga sensa moja kwa moja wakati wa video. Hapo hakuna cha kusafisha, ni kubadilisha sensa nzima.

Halafu funika lenzi, piga sekunde 30 kwa ISO 1600. Nukta chache zinazowaka ni kawaida. Zikiwa zimetapakaa picha nzima, rudisha kamera mezani.

mkunguni
Naongezea hapo kwa fundi. Idadi ya shata, yaani mara ambazo pazia la kamera limefunguka kupiga picha, watu huitukuza kupita kiasi. Sony yenyewe iliitangaza A7 III kuwa shata yake imejaribiwa kufika 200,000, Canon R5 ni 500,000, na Nikon Z8 haina kabisa shata ya kimakanika. Sasa video haihesabiwi humo, kwa hiyo kamera iliyofanya video miaka miwili itaonyesha shata 9,000 na sensa imepikwa kwa joto kila wikendi. Kwa hiyo isome hiyo namba, lakini pia angalia mlango wa HDMI (wa waya wa video) kama umelegea, na raba ya mshiko kama imeachana na bodi. Hivyo viwili ndivyo vinavyosema kazi iliyofanyika.

Kupata namba: piga JPEG mpya papo hapo dukani, usikubali picha aliyokuwa nayo muuzaji, uipeleke kwenye tovuti ya kusoma shata bila kuihariri wala kuituma kwa WhatsApp. Ikitumwa kama picha ya kawaida, WhatsApp hufuta taarifa zilizofichwa ndani yake, namba ya shata ikiwemo.

Jambo jingine wengi hawaulizi: lugha ya menyu. Kamera nyingi za Sony zilizouzwa Japani zina menyu ya Kijapani tu, na hakuna mahali pa kuibadilisha. Zinafika Nairobi kwa bei tamu sana. Fungua menyu uone Kiingereza kimo kwenye orodha ya lugha kabla hujauliza bei ya mwisho.

bi_langoni
Nuru mwanangu, kwa Dubai hesabu vizuri. VAT ya kule ni asilimia 5, na anayerudishiwa ni mtalii asiye mkaazi. Huyo jamaa akiwa na kibali cha kukaa, hapati. Akitua Nairobi na kamera mpya kwenye boksi lake, forodha wana haki ya kumtoza, na VAT ya kwetu ni 16, tena huhesabiwa juu ya bei pamoja na ushuru mwingine ukiwepo. Watu husema "tutaitoa kwenye boksi". Hiyo si mipango, hiyo ni bahati nasibu, na boksi lenyewe utalihitaji siku ya kuuza.

Waranti nayo: ya bodi mara nyingi ni ya eneo iliponunuliwa. Ikiharibika huku Amu (Lamu), itabidi irudi Dubai na mtu mwingine anayesafiri.

Mimi ningechukua ya Nairobi, kwa sharti moja: uandikiwe kwenye risiti namba ya bodi, ile iliyo chini ya kamera, na siku 7 za kurudisha pesa. Miezi 3 ya waranti ya duka bila neno "kurudisha" maana yake watakupigia danadana ya fundi hadi miezi iishe.

nuru_amu
Shukran sana. Na malipo? Na je, nikiwa siendi mwenyewe Nairobi?

bi_langoni
M-Pesa kwa muamala mmoja mwisho ni 250,000, kwa hiyo bei ikipita hapo italazimika mara mbili. Lipa kwa namba ya duka, si ya simu ya mtu, na jina linalotokea lifanane na la kwenye risiti. Kama huendi, mtume mtu anayejua kamera, si binamu wa kubeba tu. Akuonyeshe vipimo alivyovitaja fundi_lenzi kwa simu ya video kabla hujalipa. Kwenye ndege ya Manda, uwanja wa Lamu, ipande mkononi. Betri za akiba haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini.

fundi_lenzi
Pia jaribu nafasi zote mbili za kadi, ukiandika picha kwenye zote kwa pamoja. Harusi za wanawake hazirudiwi, kadi moja ikifa lazima kuwe na nakala. Kwenye A7 IV nafasi zote mbili hukubali kadi ya SD ya kawaida, ya kwanza tu ndiyo inayokubali pia CFexpress Type A, kadi ya kasi zaidi. Betri nunua mpya NP-FZ100 halisi. Za bandia huvimba zikakwama ndani ya bodi.

Ukumbini, chini ya taa za LED, usitumie shata ya kimya (ya kielektroniki). Sensa ya A7 IV husoma polepole, utapata michirizi ya giza kwenye buibui na kuta. Tumia ya kimakanika, hata kama inasikika.

Na lenzi usichukue iliyotumika bila tochi: fungua tundu la lenzi lote, mulika kutoka nyuma, utazame kwa mbele. Nyuzi nyembamba kama za buibui ni fangasi. Nyumbani iweke kwenye chombo cha plastiki kinachofunga kwa raba, weka silika jeli na kipimo cha unyevu kidogo, uwe asilimia 40 hadi 50. Silika ile ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani ikaushe kwa moto mdogo, uirudishe.