Glavu ya roboti kwa mzee aliyepooza mkono, ninunue?

Mwana wa Kibirizi:
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kuuguza mtu wa kiharusi.

Baba yangu yuko Ujiji. Kiharusi kilimpiga mwishoni mwa masika, upande wa kulia. Kutembea anajikongoja na fimbo. Kinachomuumiza ni mkono. Bega analiinua kidogo, vidole vimejikunja, na akijikaza sana anavifungua kiasi cha kuachia kikombe. Huyu ni mtu aliyekuwa anawashonea watu nyavu pale Kibirizi. Siku hizi akiwaona wenzake wanapanga nyavu anageuza uso.

Sasa kuna kijana mtandaoni, yuko Kariakoo, anauza glavu ya roboti. Ina mipira juu ya vidole na kisanduku kinachojaza hewa, inakunja na kukunjua vidole yenyewe. Anataka laki tatu na nusu, anasema ndani ya mwezi mkono unarudi. Mimi na wadogo zangu tunaweza kuchanga, ila zikitoka hizo hatuna nyingine, na dawa za presha bado zinatungoja. Kifaa hiki kinasaidia kweli?

Bint Gungu:
Pole sana kaka, mpe mzee shikamoo yangu. Shangazi yangu wa Kasulu alinunuliwa glavu ya namna hiyo. Vidole vililainika na uvimbe wa kiganja ukapungua, hilo silikatai. Lakini alikuwa anaivaa huku anatazama tamthilia. Akiivua, kijiko hakishikiki. Dawa za presha msiziguse kabisa, hizo ndizo za kwanza.

Fizio Mwanga:
Ndugu mtoa mada, nafanya fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) hapa Kigoma, nitaandika kirefu kidogo.

Mkono wa mzee ni mzima, kilichoumia ni sehemu ya ubongo inayoutuma. Sehemu za jirani zinaweza kujifunza kazi hiyo, ila zinajifunza pale mtu anapojaribu mwenyewe, tena na tena, kwa kazi anayoijali. Glavu ikimkunjua vidole akiwa amejilaza, viungo vitanyooka lakini ubongo haujaombwa kitu. Ndicho alichokiona Bint Gungu.

Roboti kubwa kuliko hiyo zimeshapimwa. Kule chuo kikuu cha MIT, Marekani, akina Neville Hogan na Hermano Igo Krebs walitengeneza MIT-Manus, roboti inayousaidia mkono pale mgonjwa anaposhindwa. Uingereza waliichunguza kwa watu 770 wa kiharusi waliogawanywa makundi matatu. Kundi la roboti lilifanya mazoezi dakika 45, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12. Matokeo yalitoka katika jarida la The Lancet mwaka 2019: katika kuutumia mkono, hawakuwazidi waliopata huduma ya kawaida.

Kwa mzee ningeanza na kioo. Tafuta cha ukutani, kisimamishe mezani katikati ya kifua chake, uso wa kioo ukielekea kushoto, mkono wa kulia ufichwe nyuma ya kioo, wa kushoto uwe mbele ya kioo. Aangalie kioo huku akifungua na kufunga kiganja cha kushoto, na wa kulia ajaribu kuufuatisha. Machoni pake ni mkono wa kulia unaofanya kazi. Mtafiti wa ubongo V. S. Ramachandran alianza kukitumia miaka ya 1990 kwa waliokatwa mikono wakabaki na maumivu ya mkono usiokuwepo, na mwaka 1999 kikajaribiwa kwa wagonjwa wa kiharusi. Nusu saa kila siku, mahali patulivu, redio izimwe.

Halafu kuna njia ya mwanasaikolojia Edward Taub: mkono usiopooza unavishwa glavu nene ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Mwaka 2006 ilichapishwa Marekani baada ya kujaribiwa kwa watu 222, wakafaidika. Inamfaa mtu ambaye vidole vinafunguka angalau kidogo, na kwa ulivyoeleza mzee anaweza kuwa mmojawapo. Ila ni akiwa ameketi tu, maana mkono huo wa kushoto ndio unaoshika fimbo. Mpeni vipande vya nyavu afungue mafundo, hata kama atachukua asubuhi nzima. Msimsaidie haraka.

Na tafadhali, msimnyanyue kwa kumvuta mkono wa kulia. Mabega mengi ninayoyaona yameharibiwa na watu wanaompenda mgonjwa.

Fundi Vifaa:
Fizio nakuheshimu, lakini huo utafiti ni wa kwao. Huko "huduma ya kawaida" maana yake kuna mtaalamu wa kukuhudumia. Mtu wa Kakonko au Buhigwe atamwona nani? Kifaa kilichopo nyumbani kila siku kinaweza kumfaa kuliko mtaalamu asiyefikika.

Fizio Mwanga:
Fundi, umesema kweli, na inaniuma kwa sababu najua wanaokaa miezi bila kuonwa. Basi atakayenunua aitumie hivi: mgonjwa aanze kujaribu kufungua vidole mwenyewe, akifika mwisho wa nguvu zake ndipo hewa immalizie. Kagua ngozi kila anapoivua, maana mwenye ganzi hajui akibanwa. Ninachokikataa ni ile ahadi ya mwezi mmoja. Hakuna mtu mkweli anayeweza kuitoa.

Mwana wa Kibirizi:
Nashukuruni sana. Glavu tumeisimamisha, kioo nanunua kesho. Swali moja: ncha ya mguu wake inaburuza, jana kidogo aanguke mlangoni. Nako kuna kifaa?

Fizio Mwanga:
Kipo. Ni splinti ya plastiki inayovaliwa ndani ya kiatu, inashika kifundo ncha isidondoke. Asinunuliwe ya kubahatisha dukani, ikikaa vibaya inachubua kisigino. Inatengenezwa kwa kipimo cha mguu wake, na nchini tuna mafundi wa kazi hiyo waliosomea TATCOT, Moshi, chuo kilichoanza mwaka 1981. Mlete mzee kwenye kitengo cha fiziotherapia hospitali ya mkoa, Maweni, na viatu anavyovaa kila siku. Waulizeni pia ni lini na wapi anaweza kuchukuliwa kipimo. Kwa sasa ondoeni mkeka pale mlangoni.