Kitenzi "quedar" cha Kihispania: ni kubaki, kukutana au kupendeza?

Muulizaji:
Nawasalimu wapenzi wa lugha. Kamusi yangu inasema kwamba "quedar" ni kubaki, na maana hiyo inatosha ninaposoma "quedan tres panes", yaani imebaki mikate mitatu. Hata hivyo, katika mazungumzo ya watu wa Madrid nimekuta "¿quedamos a las ocho?", na muuza nguo akimwambia mteja "te queda muy bien", ambapo kubaki hakuingii kabisa. Je, hiki ni kitenzi kimoja kweli?

Jibu la kwanza:
Ni kimoja, na asili yake ni Kilatini "quietare", kutuliza. Kwa hiyo ni afadhali uanzie kwenye kutulia: kilichotulia mahali kimebaki hapo, na watu wakishakubaliana mpango wao umetulia, ndiyo maana "quedamos a las ocho" ni "tukutane saa mbili". Kuhusu nguo, hata sisi husema "shati limekukaa vizuri", wala hakuna anayedhani kwamba shati limeketi. Jambo la kuzingatia zaidi ni viwakilishi "me", "te" na "le", kwa sababu mtu anayehusika siye mtenda. "Me quedan dos días" inalingana barabara na "zimenibakia siku mbili", ambapo siku ndizo zinazotawala kitenzi.

Jibu la pili:
Naongeza umbo la "quedarse", ambalo ndilo huwatatiza wengi. "Me quedo en casa" ni "nabaki nyumbani", "quedarse ciego" ni kupofuka, na ukiwa dukani "me quedo con este" ni "nachukua hiki". Lakini Mhispania akikuambia "te estás quedando conmigo", hajadai kwamba umemchukua: anasema unamtania! Tena, "¿dónde queda la estación?" huuliza kituo kiko wapi, usilitumie umbo hilo kumuulizia mtu alipo.

Muulizaji:
Nashukuruni sana. Je, nikiwa Mexico au Kolombia nitaeleweka nikisema "quedamos a las ocho"?

Jibu la kwanza:
Utaeleweka, ingawa "quedar" peke yake kwa maana ya kupanga kukutana ni mazoea ya Hispania hasa. Kule wengi watasema "nos vemos a las ocho", au "quedamos en vernos", na Mexico utasikia pia "quedamos de vernos", kwa maana ya kwamba tumekubaliana kuonana.