Naomba ushauri: tuuze nyumba tuhame, au tubaki?

Habari zenu ndugu. Tunaishi mashariki ya Houston, jirani na mfereji wa meli, viwanda vya kusafishia mafuta vimetuzunguka. Nikifungua dirisha la jikoni asubuhi inaingia harufu ya mayai viza, na mtoto wetu wa pili halali bila pampu ya pumu chini ya mto. Kimbunga Harvey, 2017, kilileta maji hadi kwenye soketi za ukutani. Beryl ya 2024 ikatuacha gizani siku sita.

Sasa tumeletewa barua ya mpango wa serikali wa kununua nyumba zinazofurika: yetu inunuliwe, ibomolewe, pabaki uwanja. Eti ni hiari. Lakini bei yao haifiki hata nusu ya nyumba za kule kukavu, na deni la benki bado tunalo. Mama mkwe, aliyekaa miaka kambini Nyarugusu, kasema yeye hahami tena. Nimwambie nini jamani?

Aliyewahi kuuza kwa mpango huu, bei inajadilika? Na mjomba aliyepanga chumba cha nyuma, hana mkataba wa maandishi: ile sheria ya Marekani ya 1970 ya kuwafidia wanaohamishwa na miradi ya serikali inamgusa? Nisaini, au nitafute mwanasheria kwanza? Mwisho ni tarehe 30.