Mada: Mama anauma mswaki, hataki kufungua mdomo

Assalaam alaykum jamaa,

Ndugu yetu wa Toronto, umeandika kuwa mama yako hapa Wete, Pemba, anashikwa mikono na msaidizi mmoja, mwengine anampiga mswaki. Nakuomba uwapigie simu leo hii waache. Mzee mwenye maradhi ya kusahau hajui kama ule ni mswaki. Anajua kakamatwa, anatiwa kitu mdomoni. Miaka niliyofanya kazi nyumba ya wazee Uingereza niliona hayo hayo: ukimlazimisha leo, kesho anakuuma.

Kwanza tafuteni maumivu. Mama yangu aliacha muhogo, akawa anataka uji tu, sisi tukasema uzee. Siku moja kapiga mwayo barazani, jua likamwingia kinywani, nikaona gego limevunjika, limebaki na ncha kali, na pembeni mwa ulimi pana kidonda cheupe. Mwezi mzima tulikuwa tukimgombeza. Daktari wa meno mjini Chake Chake siku ile alilisaga ile ncha tu, jino akaling'oa wiki ya pili, asubuhi, wakati mama ametulia. Akishika shavu, akikataa vya moto au akivua meno ya bandia kila mara, mpelekeni.

Mama kasahau majina yetu, udhu hajausahau. Basi mswaki nimeupachika hapo hapo. Akishamaliza kutawadha, nakaa mbele yake kwenye kigoda, macho kwa macho, sitokei nyuma. Namtia mswaki mkononi mwake, mkono wangu juu ya wake, anaanza yeye, namalizia mimi. Mkono wa pili anashika mswaki wa mti, anaunusa, anatulia. Akigeuza uso, naacha, narudi baada ya nusu saa. Dawa ya meno ni kiasi cha punje ya kunde, akitema inatosha, asisukutue tena, ili floraidi, ile kinga ya meno iliyomo kwenye dawa, ibakie. Kichwa msikirudishe nyuma, atapaliwa.

Lakini kuacha kabisa msiache. Uchafu wa kinywani ukiteremka mapafuni kwa mzee asiyemeza vizuri huleta nimonia. Meno ya bandia yatolewe usiku, yasuguliwe, yalale kwenye maji baridi.

Na mnaokuja likizo, leteni miswaki laini ya kichwa kidogo, ya watoto. Dawa iwe ya watu wazima, isiyotoa povu jingi, na boksi lioneshe floraidi ppm 1,350 hadi 1,500.

Dada yenu, Wete

---

Waalaykum salaam dada,

Nimepiga simu usiku ule ule. Msaidizi alilia, kumbe na yeye ilikuwa ikimuuma kumshika vile. Leo kampa mama mswaki baada ya udhu wa adhuhuri. Kasugua meno ya mbele tu, kisha kaurejesha mwenyewe kwenye kopo. Kesho kutwa wanampeleka Chake atazamwe.