Mnaokaa flati, sikukuu mnafanyaje mpaka majirani wajuane?

Wakuu habari za wikiendi. Nakaa Upanga, flati za zamani zile, ghorofa nne, ngazi mbili, nyumba 16. Huu mwaka wa tatu na jirani wa mlango unaotazamana na wangu namjua kwa gari lake tu. Grupu la wasap lipo ila kazi yake ni "jamani maji yamekata kwenu pia?" na "nani kanipakia nyuma". Sasa juzi nimechelewa kikao nikakuta nimeshachaguliwa kamati, eti Desemba hii tuandae kitu cha kutukutanisha. Shida Krismasi nusu ya jengo halipo, Wachaga wote wameenda kwao Moshi "kuhesabiwa", waliobaki wengi Waislamu, na kuna wazee wa Kihindi chini pale hawagusi nyama kabisa. Nipeni mawazo ya vitu mlivyofanya kweli.

Jibu 1
Mkuu futa neno "mchango" kabla hujaanza. Kwetu tulipiga elfu 30 kila nyumba, wakatoa sita, soda zikaisha saa nane na mtunza hela hakuleta hata risiti moja, mpaka leo kuna watu wakikutana kwenye ngazi wanaangalia simu. Kila mtu aje na sahani yake, basi.

Jibu 2
Dada hapa, Kinondoni. Nani kawaambia lazima iwe tarehe 25? Sisi tunafanya tarehe 9 Desemba, Uhuru, ni mapumziko, haina dini na watu bado hawajapanda mabasi. Tunawaomba wenye magari wayatoe, tunatandika turubai hapo parking, mafiga na mkaa chini, kila mtu anashuka na viti vyake. Pilau sufuria moja la nyama, mbuzi anachinja Muislamu ili asiwepo wa kuuliza maswali, na sufuria la pili la viazi na njegere kwa wasiokula nyama, na hilo LIWE NA MWIKO WAKE maana mwaka wa kwanza shoga yangu alitoa mwiko huku akachovya kule, bibi mmoja akasusa akala ndizi.
Halafu watoto, watoto ndo wanaleta wazazi. Magunia, yai kwenye kijiko, kuvuta kamba ngazi A na ngazi B. Kuna baba wa juu kabisa hajawahi kuitikia salamu ya mtu, siku ile kaona ngazi yake inaburuzwa, kavua viatu, kakunja suruali, kashika mkia wa kamba soksi zinateleza kwenye sementi. Walishindwa vilevile. Ila siku hizi ananiulizia mama yangu anaendeleaje.

Jibu 3
Huku Nairobi ni hivyo hivyo, wengi huenda ushago, tunabaki wachache na caretaker. Wenye wamebaki tunachoma nyama pale juu kwa kamba za nguo. Na wenye wanasafiri wanatuachia funguo tumwagilie maua, ukishamwachia mtu ufunguo huwezi tena kumpita kama humjui.

Jibu 4
Msisahau Ramadhani jamani. Mimi Mkristo, jirani aliniletea tambi na kaimati kwenye hotipoti imebandikwa plasta imeandikwa A7. Si unajua chombo hakirudi kitupu, nikarudisha na maandazi, ikaja na sambusa, mwezi mzima ile hotipoti haijalala sehemu moja. Hiyo haihitaji kamati wala turubai.

Muuliza swali
Dada wa Kinondoni umeniokoa, tarehe 9 naichukua kama ilivyo. Muziki je? Na kuna kijana anataka fataki.

Jibu 2
Muziki mwisho saa mbili usiku, kuna wenye vichanga. Fataki achana nazo, kibali cha polisi utakifuatilia wewe sio yeye. Na mlinzi na wadada wa kazi wakae wale kama wengine, sio wageuzwe wapishi siku ya sikukuu.

Muuliza swali
Sawa. Nimetupia kwenye grupu sasa hivi naulizia nani ana sufuria kubwa. Dakika kumi kimya, halafu mmoja kajibu: "maji yamerudi?"